Maski za picha: kuzitengeneza, kuzihifadhi na kuzitumia tena bila kuanza upya

Leo tunaongelea kitu ambacho ukikijua kitakuokolea muda, na kwa sisi tunaolipia kompyuta kwa saa, muda ndo hela yenyewe. Kitu hicho ni maski. Siyo barakoa zile tulizovaa kipindi cha korona mwaka 2020, hapana. Hii ni maski ya picha, ile wanayoitumia mafundi wa kusafisha picha wanapomtoa mtu kwenye ukuta wa nyumbani na kumweka kwenye bluu safi ya pasipoti saizi.

Maski ni picha ya pili inayoshikana na picha yako. Haina rangi, ina nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Kazi yake ni kuiambia programu wapi paonekane na wapi pafichwe: penye nyeupe picha inaonekana, penye nyeusi inafichwa, penye kijivu inaonekana nusunusu. Kwa kawaida kuna ngazi 256, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi ti mpaka 255 ambayo ni nyeupe pe. Ngazi hizo za katikati ndo zinafanya ukingo wa nywele ufifie taratibu, usionekane kama mtu kakatwa na mkasi wa karatasi.

Sasa wengi wetu tulianza na raba. Unafungua picha, unachukua kifutio, unafuta ukuta nyuma ya mtu. Inafanya kazi, sikatai. Shida ni kwamba raba inaua. Ukifuta sikio kwa bahati mbaya na ukahifadhi na kufunga faili, sikio limekwenda. Maski haifuti kitu, inaficha tu. Sikio likipotea unachukua brashi nyeupe, unapaka pale, linarudi. Hata baada ya miezi sita, ilimradi umehifadhi vizuri. Na hapo kwenye kuhifadhi ndo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitapakalia sana.

Kidogo tu historia. Kabla ya kompyuta, mafundi wa magazeti na viwanda vya uchapaji walikuwa wanakata maski kwa wembe kwenye karatasi ya plastiki yenye utando mwekundu, maarufu kwa jina la Rubylith. Ukikata umbo unabandua utando, pale palipobaki wekundu mwanga wa kuchapia haupiti. Ndo maana mpaka leo ukibonyeza herufi Q kwenye Photoshop, au Shift+Q kwenye GIMP, sehemu ambayo hukuichagua inafunikwa na wekundu unaopitisha macho. Siyo mapambo, ni kumbukumbu ya kazi ya watu.

MASKI ZA AINA MBILI

Mgawanyo huu ni wangu mwenyewe, usiutafute kwenye kitabu, ila unasaidia. Kuna maski ya mtu na kuna maski ya umbo.

Maski ya mtu inafuata mwili wa mtu fulani kwenye picha fulani. Haiwezi kutumika kwa picha nyingine, kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye kichwa hichohicho kwenye pozi hilohilo. Lakini kwa picha ileile unaitumia mara mia: leo nyuma ya bluu, kesho nyeupe, keshokutwa mteja anataka maua.

Maski ya umbo ni duara, yai, kona zilizoviringwa, kingo zilizochanika, au ukungu unaofifia kuelekea pembeni. Hii unaitengeneza siku moja na kuitumia kwa picha za watu wote. Kadi za harusi, kipaimara, mahafali, ratiba za mazishi, zote zinaishi kwa maski za umbo.

Umuhimu wake niliuona vizuri pale alipokuja mama mmoja kwenye kafe ninapopigia vibarua. Alikuwa na picha ya marehemu mumewe kwenye simu. Duka moja la picha lilikuwa limemtengenezea kwa ajili ya mazishi, wakamkata mzee kutoka kwenye picha ya sherehe na kumweka kwenye maua na mishumaa. Sasa ilikuwa inafika arobaini, anataka picha ileile lakini nyuma iwe tupu, ili akaifremu. Duka lilikuwa na JPEG tu. Mzee na maua vimeshagandana kuwa kitu kimoja. Picha ya mwanzo ilikuwa kwenye simu iliyokwishaibiwa. Aliyeikata ile picha alikuwa fundi mzuri kweli, ukingo wa kofia ulikuwa safi kabisa. Kazi yote hiyo ilipotea kwa sababu ya chaguo moja tu la aina ya faili. Ilibidi nimkate mzee upya kutoka kwenye maua, na majani ya kijani yaliyokuwa yanapita mbele ya bega ikabidi yabaki, maana chini yake hapakuwa na bega.

KUTENGENEZA MASKI YA MTU KWENYE GIMP

Naanza na GIMP kwa sababu ni ya bure, haina kificho, na kuna toleo la kubeba kwenye flashi lisilohitaji kusakinishwa. Photoshop ni ya kulipia, na tangu 2013 matoleo mapya unalipia kwa usajili. Zile za kuchakachua zinazogawiwa mtaani mara nyingi zinakuja na virusi, shauri yako. Majina ya menyu nayaacha kama yalivyoandikwa kwenye skrini ili usipotee njia.

Njia ninayoipenda inatumia chaneli. Picha ya rangi kwenye kompyuta ni picha tatu zilizolaliana: nyekundu, kijani na bluu. Ukizitenganisha, kila moja inaonekana ya kijivu tu. Na hapa kuna siri ambayo wachache wanaijua: ngozi yetu inarudisha mwanga mwekundu mwingi na wa bluu kidogo. Kwa hiyo kwenye chaneli ya bluu, uso na nywele vinakuwa vyeusi zaidi, wakati ukuta mweupe unabaki mweupe, na kitambaa cha bluu cha studio nacho kinang'aa. Tofauti kati ya mtu na nyuma yake inakuwa kubwa kuliko kwenye chaneli zile nyingine mbili. Yaani nusu ya maski tayari ipo ndani ya picha, unaisubiria nini.

Fungua picha. Nenda menyu ya Colors, halafu Components, halafu Decompose, chagua RGB na uhakikishe alama ya kutenganisha kwa leya imewekwa. Itafunguka picha mpya ya kijivu yenye leya tatu. Ibakize ile iliyoandikwa blue, mbili zingine futa.

Sasa rudi Colors, fungua Levels. Utaona mlima mweusi na pembetatu tatu chini yake. Ile nyeusi isogeze kulia mpaka nywele ziwe nyeusi kabisa, ile nyeupe isogeze kushoto mpaka ukuta uwe mweupe kabisa. Usiwe na tamaa. Ukizibananisha sana, kijivu chote cha kwenye ncha za nywele kinakufa na afro ya mtu inageuka kuwa kofia ya chuma. Angalia nywele tu, uso usiuangalie, uso tutaupaka.

Baada ya hapo kutakuwa na madoa meupe ndani ya mtu: paji la uso linalong'aa, meno, macho, hereni. Chukua brashi, bonyeza D ili rangi ziwe nyeusi na nyeupe, halafu pakaa nyeusi ndani ya mwili wote. Herufi X inabadilishana nyeusi na nyeupe. Ukutani kama kuna swichi ya taa au kivuli, pakaa nyeupe.

Shughuli pevu ni shati jeupe la shule mbele ya ukuta mweupe. Hapo chaneli haikusaidii, iwe ya bluu, nyekundu au kijani, maana nyeupe ni nyeupe kwenye zote tatu. Mabega utayachora kwa mkono. Chukua zana ya njia, herufi B, bofya nukta kuzunguka bega kwa utulivu, igeuze kuwa eneo lililochaguliwa, halafu jaza nyeusi. Zana hii inachosha siku ya kwanza, ila mstari wake ni laini kuliko wa mkono unaotetemeka na mausi ya kafe yenye vumbi chini. Na kama mpiga picha ni wewe mwenyewe, tundika kitambaa cha rangi nyuma ya mwanafunzi. Utajishukuru.

Ukimaliza, mtu wako ni mweusi na nyuma ni nyeupe, yaani kinyume cha tunachotaka. Nenda Colors, Invert. Mtu anakuwa mweupe. Hapo una maski kamili. Ihifadhi sasa hivi kabla ya kufanya kitu kingine: menyu ya File, Export As, ipe jina la picha na neno maski mwishoni, na iishie na .png. Kwa nini PNG na siyo JPEG? Kwa sababu JPEG inabana picha kwa kupoteza vitu vidogovidogo, na inaacha vumbi la kijivu pembeni ya mistari. Kwenye picha ya kawaida huoni, kwenye maski kila vumbi ni tundu. PNG haipotezi kitu.

Kuivalisha: ukiwa kwenye picha ya maski bonyeza Ctrl+C. Rudi kwenye picha ya rangi, bofya leya kwa kitufe cha kulia, chagua Add Layer Mask, kisha White. Pembeni ya picha ndogo ya leya itatokea picha ndogo nyeupe, hiyo ndo maski, ibofye. Sasa Ctrl+V kubandika, na Ctrl+H kuigandisha pale. Ukuta unapotea palepale. Kwa kuwa maski imetoka kwenye picha hiyohiyo, vipimo vinalingana pikseli kwa pikseli, hakuna haja ya kusogeza. Tengeneza leya mpya, ijaze bluu, ivute chini ya mtu, umemaliza.

Ukiona mstari mweupe kuzunguka nywele, huo ni mwanga wa ukuta wa zamani. Chukua brashi ndogo laini ya nyeusi na upitishe kwenye maski, siyo kwenye picha. Angalia mara mbili umebofya picha ndogo ipi. Nimeona watu wakipaka mteja nyeusi usoni halafu wanashangaa.

KWENYE PHOTOSHOP

Mambo ni yaleyale, mafupi zaidi. Fungua paneli ya Channels, ivute ya bluu mpaka kwenye alama ya chaneli mpya, itajinakili. Ctrl+L kwa Levels, pakaa, Ctrl+I kugeuza. Hapo tayari imehifadhiwa ndani ya picha kama chaneli ya ziada. Kuitumia, shikilia Ctrl na ubofye picha yake ndogo, eneo linachaguka, rudi kwenye leya na ubonyeze alama ya maski.

Kama umechagua eneo kwa zana nyingine yoyote, nenda Select, Save Selection, lipe jina. Siku nyingine unalirudisha kwa Load Selection. GIMP nayo inacho kitu hiki, kinaitwa Save to Channel kwenye menyu hiyohiyo ya Select. Uzuri wa Photoshop ni kwamba Load Selection inaweza kuchukua chaneli kutoka faili lingine lililo wazi, sharti moja tu: picha zote mbili ziwe na upana na urefu sawa kwa pikseli. Zikitofautiana hata pikseli moja, jina la faili lile halitokei kabisa kwenye orodha, na utaapa kwamba kompyuta imerogwa. Chaneli zisizidi 56 kwa picha moja, ukijumlisha na zile za rangi. Sijawahi kukutana na mtu aliyezimaliza.

MASKI YA UMBO

Hii ni rahisi. Tuseme unataka yai linalofifia pembeni, lile la kwenye ratiba za mazishi. Tengeneza picha mpya, kubwa, tuseme pikseli 2400 kwa 3200, nyeusi yote. Chukua zana ya duara, chora yai katikati, weka ulainishaji wa ukingo kama pikseli 150, jaza nyeupe. Hifadhi kama PNG. Basi. Kila picha ikija unaikata kwa uwiano uleule wa 3 kwa 4, unapunguza maski ilingane nayo, unaivalisha kama tulivyofanya juu.

Kwa nini kubwa? Kwa sababu kupunguza hakuharibu, kukuza kunaharibu. Ukuze maski ndogo na kona zako zitaonekana kama ngazi.

Kwa pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45, kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, picha inakuwa pikseli 413 kwa 531. Kama unapanga karatasi nzima, picha 8 zinaenea kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ukizilaza safu mbili za nne. Tengeneza maski moja ya karatasi yenye madirisha 8 meupe, na msimu wa fomu za shule na mikopo ya vyuo utaupita ukiwa umekaa.

FAILI GANI LINABEBA MASKI

JPEG haibebi maski, leya wala chaneli za ziada. Hata kidogo. Ni ya kumpa mteja na kuchapisha tu. PNG inabeba uwazi, yaani mtu anabaki bila nyuma, lakini haibebi leya zako. XCF ya GIMP na PSD ya Photoshop ndo zinabeba kila kitu. TIFF ikihifadhiwa kutoka Photoshop nayo inabeba chaneli za ziada ukiweka alama panapohusika. Kwa hiyo kila kazi nzito iwe na faili tatu: XCF au PSD, maski ya PNG, na JPEG ya mteja. Ile PNG ya maski ni muhimu kwa sababu inafunguka kokote, hata fundi mwenzako akiwa na programu ambayo haijui XCF.

Kwenye GIMP ukibonyeza Apply Layer Mask, maski inayeyuka ndani ya leya na mchezo umeisha. Usiiguse bila sababu.

Na hizi tovuti na programu za simu zinazotoa nyuma ya picha zenyewe kwa sekunde tano? Nazitumia, sioni aibu. Ila mara nyingi zinakula ncha za nywele, hereni, na pindo la hijabu, na nyingi za bure zinakurudishia picha ndogo. Dawa ni hii: ukipata PNG yake, ifungue kwenye GIMP, Add Layer Mask, halafu chagua Transfer layer's alpha channel. Uwazi wote unageuka maski unayoweza kuirekebisha kwa brashi. Photoshop wanaita From Transparency, ipo kwenye menyu ya Layer, ndani ya Layer Mask. Sehemu ambazo tovuti imezifuta kabisa hazirudi kwa brashi, kwa hiyo maski hiyo inakili na kuivalisha kwenye picha yako ya asili, baada ya kuikuza ilingane kama ilirudi ndogo. Ukikuza kidogo tu siyo mbaya.

Mambo mawili ya tahadhari. La kwanza, picha za viza ya Marekani. Kipimo chao ni milimita 51 kwa 51, nyuma nyeupe au karibu na nyeupe, na hawataki picha iliyobadilishwa kwa programu. Mteja akija kwa hilo, acha maski zako, tundika shuka jeupe, mpige picha upya. Ombi likikataliwa hela yake ya ada hairudi, na atakukumbuka wewe.

La pili, kompyuta nyingi za kafe zimewekewa programu ya kurudisha diski ilivyokuwa kila zinapowashwa. Folda uliyoacha kwenye desktopu jana, leo haipo. Beba flashi, na nakala nyingine jitumie kwa barua pepe. Kama kompyuta haina programu yoyote na mwenye kafe hataki usakinishe, fungua Photopea kwenye kivinjari, inasoma PSD pamoja na maski zake na kazi inafanyikia kwenye kompyuta hiyohiyo bila picha kupandishwa kokote. Kwa zile kompyuta zisizojifuta, ukiondoka futa picha za wateja na utoe na takataka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, picha ya binti wa watu haiachwi kwenye desktopu anayokalia kila mpita njia.